Mjadala: Rangi unayopewa mlangoni mwa dharura inapima ugonjwa, au inapima umeaminika kiasi gani?

Binti_Mkwakwani
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Mwezi uliopita nilimpeleka mdogo wangu wa kike hospitali moja ya Dar, siitaji jina. Ilikuwa saa 8 usiku. Ana selimundu tangu utotoni. Maumivu yalimshika mgongo na mapaja, tukamshusha kwenye bajaji mimi na dereva, mmoja huku mmoja huku. Muuguzi alimpima bila kuchelewa, hilo nampa haki yake: mapigo 98, pumzi 20 kwa dakika, presha 118 kwa 70, joto 37.2, anaongea, anatembea kwa kushikiliwa. Akajumlisha alama, akapata 2. Akamfunga utepe wa kijani, rangi ya wanaoweza kungoja. Tukakaa benchi mpaka adhana ya alfajiri, mdogo wangu kauma ukingo wa khanga ili asipige kelele. Wenye utepe wa njano walitupita, mmoja mkono umekatwa na bati.

Swali langu si kumlaumu mtu. Nauliza mizani yenyewe. Hizi rangi zilithibitishwa vipi kwamba zinajua nani wa haraka na nani wa kungoja? Kwa watu gani?

Mtemi_Tabora
Pole sana dada. Ila mizani haina kosa. Kosa ni hawa manesi wetu. Nenda usiku hospitali yoyote uone, simu mkononi, kichwa chini, mgonjwa anakoroma mbele yake. Hata ukimpa mizani ya dhahabu ataipimia umbea.

NesiZamuUsiku
Mtemi, nina miaka 11 katika kazi hii na sita kati ya hiyo nimekaa kwenye meza ya triaji, yaani ya kupanga nani atangulie kutibiwa. Hiyo simu unayoiona mkononi ndiyo ninayohesabia pumzi. Saa ya ukutani ilikufa, nimeandika barua mbili. Pumzi zinahesabiwa dakika nzima ukimtazama mtu kifuani, kichwa chini, kimya. Wewe umekaa benchi unaona nesi anachati. Usiku tuko wawili, mmoja mlangoni na mmoja ndani, na mlangoni wanaweza kuwa watu 30. Nimewahi kula chakula cha saa 2 usiku saa 11 alfajiri. Sitaki kupewa pole. Nataka uondoe neno umbea.

Mtemi_Tabora
Wewe unaweza kuwa mzuri. Sisemi wote.

NesiZamuUsiku
Ulisema "hawa manesi wetu". Soma ulichoandika.

Mama_Pacha_Mbeya
Mtemi kasema kweli nusu. Mimi nilijibiwa "hata wenzako wanaumwa" na mtoto yuko mgongoni ana homa ya 40. Lakini pia nesi mwingine, usiku uleule, alimwona mtoto ameanza degedege akamnyakua kutoka mgongoni kwangu hata kabla sijafungua kanga. Sikumwona tena nikamshukuru. Kwa hiyo ni watu, si kada.

Tabibu_Kipimo
Niruhusuni nirudi kwa mleta mada, kwa sababu ameuliza jambo zito na limeachwa barabarani.

Dukani ukitaka kujua kama mizani ya sukari ni ya kweli, unaweka jiwe la kilo moja, unasoma mshale. Uharaka wa mgonjwa hauna jiwe. Hakuna mahali duniani palipowekwa uharaka halisi ili tulinganishe nao rangi. Kwa hiyo watafiti wanaazima mawe mengine. Wanatazama nani alilazwa, nani alipelekwa chumba cha mahututi, nani alifariki, kisha wanauliza: je, wengi wao ndio waliopewa nyekundu na chungwa, rangi za haraka zaidi? Ikiwa ndiyo, wanaandika kwamba mizani ni sahihi.

Sasa angalieni mawe hayo. Kulazwa kunategemea kitanda. Wodi ambayo watu wanalala mzungu wa nne, daktari atamrudisha nyumbani mtu ambaye kwingine angelazwa, na mwenye nyumba mbali au asiye na nauli atalazwa hata kama hali yake si mbaya. Kifo nacho kina mtego wake. Mtu akipewa nyekundu, akakimbizwa, akawekewa damu, akapona na kwenda kwao, kwenye jedwali anaonekana amepewa nyekundu bure. Mizani inaadhibiwa kwa kufaulu. Na aliyeachwa benchi akaumia usiku kucha lakini hakufa wala hakulazwa, rangi yake ya kijani inahesabiwa kuwa ilikuwa sahihi.

Binti_Mkwakwani
Tabibu, subiri kidogo. Mdogo wangu hakulazwa. Alipewa morfini asubuhi, akawekewa maji, tukarudi nyumbani jioni. Kwa maelezo yako, kwenye utafiti atahesabiwa kwamba alipangwa vizuri?

Tabibu_Kipimo
Kwa tafiti zinazotumia kulazwa na kifo peke yake, ndiyo.

Binti_Mkwakwani
Basi nimepata jibu nililoogopa.

NesiZamuUsiku
Dada, hapana, usiliache hapo. Mizani uliyoieleza naijua, ni ya Afrika Kusini, tunaiita SATS. Zile alama zina jina lake, TEWS, ziko saba: anatembeaje, pumzi, mapigo, presha ya juu, joto, fahamu, na kama ameumia ajalini. Mdogo wako: kushikiliwa alama 1, pumzi 20 alama 1, mengine sifuri. Jumla 2, na 0 hadi 2 ni kijani. Hesabu ni sahihi kabisa.

Lakini SATS si hesabu peke yake. Ukimaliza alama unapitia orodha ya dalili, na humo maumivu makali yanampandisha mtu hadi chungwa hata kama TEWS yake ni sifuri. Maumivu ya kati yanampeleka njano. Halafu mwenye uzoefu pale zamu ana ruhusa ya kubadilisha rangi kwa macho yake. Mdogo wako hakupimwa na SATS. Alipimwa na nusu ya SATS.

Wuod_Kisumu
Sista ameongea. Hiyo SATS nadhani ilitengenezwa Johannesburg enzi za apathaidi, kwa hiyo sishangai kama haitujali sisi.

NesiZamuUsiku
Si Johannesburg wala si apathaidi. Ni Cape Town. Kikundi chao kilikaa 2004, ikaanza kutumika Rasi ya Magharibi 2006, na ilitengenezwa kwa sababu mizani za Ulaya zilikuwa zinataka wauguzi wengi wabobezi ambao hawakuwapo. Hii unaweza kumfundisha muuguzi msaidizi. Tuwe na ukosoaji lakini tusiwabebeshe watu yasiyo yao.

Wuod_Kisumu
Nimekubali, ni Cape Town. Ila kwetu Kenya shida si rangi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Halafu Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari alizungushwa Nairobi ndani ya ambulensi kama saa 18, hospitali hii haina kitanda cha mahututi, ile inataka pesa kwanza, akaaga dunia. Huyo hata mtoto angempa nyekundu. Rangi ilikuwa sahihi na haikumsaidia. Mnajadili mizani na mlango umefungwa.

Tabibu_Kipimo
Ni kweli, lakini ni mambo mawili. Mlango ukifunguliwa bado lazima ujue uanze na nani.

Mtemi_Tabora
Niseme jambo ambalo wote mnalijua. Hayo maumivu makali nesi atayajuaje? Mtu anasema tu. Mimi nimekaa Dar miaka minane na ninawajua watu wa Pwani, wanadeka. Kichwa kikimgonga kidogo ni kilio na "mama nakufa". Mtu wa bara anakuja na utumbo umetokeza, anasema "nasikia vibaya kidogo". Sasa nesi akiwapa wote chungwa, aliyejikaza ndiye atakayekufa.

Binti_Mkwakwani
Kaka, mimi ni Mdigo wa Tanga. Mdogo wangu aliyeuma khanga saa tatu asitoe sauti ni Mdigo. Umesoma nilichoandika juu?

Mtemi_Tabora
Dada usikasirike, ni utani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara.

Binti_Mkwakwani
Nimekwambia mimi Mdigo. Huna utani na mimi. Na hata mtani ana adabu zake, anakuja msibani na kuchekesha, halafu anabeba jeneza. Wewe umemchekesha nani, umebeba nini?

Ngambo_Mkongwe
Mie wa Unguja, nisikilizeni. Bibi yangu alikuwa na kawaida ya kusema "yallah yallah" akiinuka, akikaa, akimenya muhogo. Ilikuwa ndiyo pumzi yake. Siku alipopasuka kidole tumbo alinyamaza kimya. Tulimjua anakufa kwa vile alivyonyamaza. Sasa wewe wa Tabora ungemsikia juzi ukasema anadeka, na siku ile ungemwona kanyamaza ukasema hajambo. Kosa mara mbili kwa mtu mmoja.

Mama_Pacha_Mbeya
Huku kwetu mwanamke anajifungua hatoi sauti, akitoa anaambiwa na wakunga "vumilia". Sijui nani kawaambia watu kwamba kunyamaza ni afya.

Mtemi_Tabora
Mnaniandama. Nilichosema ni kwamba kilio si kipimo. Na huyo wa Unguja amekubaliana nami bila kujua.

Ngambo_Mkongwe
Hujasema kilio si kipimo. Umesema watu wa Pwani wanadeka. Hayo ni maneno mawili tofauti na yote yameandikwa hapo juu.

Leeds_Baridi
Nafanya kazi idara ya dharura Uingereza, tunatumia mizani ya Manchester. Kwetu ukifika unaulizwa: sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Mzungu anajibu "saba" kama anataja nambari ya nyumba. Kina mama wetu wa Kisomali na wa Kongo wakiulizwa wanamtazama binti yao. Mmoja alinijibu kwa Kiswahili: "Mwanangu, Mungu ndiye anajua." Nilimwandikia nane kwa kumtazama vidole vya miguu jinsi alivyokuwa anavikunja. Mwenzangu alitaka kuandika tatu kwa sababu hakulia.

Kwa hiyo huyo kaka wa Tabora asidhani ni mambo ya Pwani na bara. Popote pale, anayeamua maumivu ni yule asiyeumwa.

Na kitu kingine. Hata mashine si mashahidi wazuri kama tunavyodhani. Kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni: Desemba 2020 madaktari wa Michigan walitoa utafiti wakionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kinakosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kinaonyesha 94, damu yenyewe iko chini ya 88.

NesiZamuUsiku
Hilo la kibanio nakubali na linanitisha, maana tunakiamini sana. Ila kwenye alama saba za TEWS oksijeni haimo. Tunahesabu pumzi kwa macho. Ndiyo maana nilikasirika kuhusu simu.

Wuod_Kisumu
Bado ni simu?

NesiZamuUsiku
Bado ni simu, mpaka aliyesema umbea alitoe.

Tabibu_Kipimo
Mniache niweke jingine kabla halijapotea. Kuna swali la usahihi na kuna swali la uthabiti, yaani wauguzi wawili wakimwona mgonjwa yuleyule watatoa rangi ileile? Mara nyingi hilo hupimwa kwa visa vilivyoandikwa: "mwanaume, miaka 54, kifua kinabana, mapigo 112". Kwenye karatasi wote wanatoa chungwa na mizani inapata alama nzuri. Karatasi haitoki jasho, haina ndugu sita wanaopiga kelele, wala haisemi Kisandawe. Mlangoni uthabiti ni kitu kingine.

Na kuna uamuzi ambao hakuna mizani inaweza kuukwepa: ukosee upande gani. Madaktari wa upasuaji wa Marekani, kwa majeruhi wa ajali, wanasema wazi kwamba wasioonekana kuwa mahututi wakati ni mahututi wasizidi asilimia 5, na ili kufika hapo wako tayari kuvumilia asilimia 25 hadi 35 ya waliohesabiwa mahututi bila sababu. Yaani wamekubali gharama. Sisi tukisema "punguzeni nyekundu, chumba kimejaa", tumeshaamua nani tutampoteza, ila hatujaandika.

Mama_Pacha_Mbeya
Daktari umeongea vizuri lakini kwa watoto je? Maana yote haya ni ya watu wazima.

Tabibu_Kipimo
Kwa watoto kuna ETAT ya Shirika la Afya Duniani. Haina kujumlisha. Unatazama dalili za hatari: njia ya hewa, kupumua, mikono ya baridi, fahamu, degedege, kukaukiwa maji. Ukiiona moja tu, unatibu hapohapo mlangoni. Blantyre, Malawi, walipopanga upya mapokezi ya watoto kwa njia hii, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8.

Binti_Mkwakwani
Hapo umenipa tumaini. Kumbe inawezekana kuthibitisha.

NesiZamuUsiku
Inawezekana, lakini tuseme yote. Blantyre hawakuleta karatasi ya dalili peke yake. Walibadilisha jengo watoto wasichanganyike na watu wazima, wakafundisha wafanyakazi wote wa pale, wakaweka dawa na vifaa pale pale mlangoni. Sasa kilichookoa watoto ni orodha, au ni dawa kuwa karibu? Ukinipa mimi orodha bila oksijeni, nitajua vizuri sana nani anakufa.

Wuod_Kisumu
Hilo ndilo nilisema tangu mwanzo na mkasema ni mambo mawili.

Tabibu_Kipimo
Wuod, hapo umenibana. Nilichotaka kulinda ni kwamba tusitumie uhaba kama sababu ya kutouliza. Ila sista yuko sahihi, ukipima mizani umepima na kabati la dawa lililo nyuma yake.

Leeds_Baridi
Turudi kwa selimundu jamani, kwa sababu huyu dada hajajibiwa. Mwongozo wa Marekani wa 2014 unasema mwenye selimundu akifika na maumivu hayo apate dawa ndani ya dakika 60 tangu aandikishwe, au 30 tangu apangwe. Hawakungoja mapigo yapande. Wanajua mtu aliyeishi na maumivu miaka 20 mapigo yake yanaweza kuwa 98 na mifupa inaungua.

Tabibu_Kipimo
Na Tanzania wanazaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Huyu si mgonjwa wa nadra ambaye mizani inaweza kusamehewa kwa kumsahau. Ningeweka mstari wake peke yake kwenye orodha, kama maumivu ya kifua yalivyo na wake. Neno "maumivu makali" linamwachia nesi aliyechoka aamue kama anaamini. Neno "selimundu na maumivu" halimwachii.

Mtemi_Tabora
Na watakaojisingizia selimundu wapate morfini?

Binti_Mkwakwani
Kaka, mdogo wangu ana kadi ya kliniki tangu ana miaka mitatu. Ilikuwa mkononi mwangu usiku ule. Nilimwonyesha muuguzi na aliisoma. Hakukuwa na mahali pa kuiandika kwenye ile fomu.

Ngambo_Mkongwe
Mtemi, kila jambo wewe unaanza na mwongo. Ukipanga mlango kwa ajili ya waongo, wakweli ndio wanaokaa benchi.

Mtemi_Tabora
Sawa. Nimesoma tena kutoka juu. Sista, neno umbea nalitoa. La Pwani sikulisema kwa ubaya, lakini nimeona lilipofika. Baba yangu alikufa 2017, alikaa foleni akisema "niko sawa, wahudumieni hawa kwanza". Alikuwa anavuja damu tumboni. Mpaka leo nikimwona mtu analia mapokezi namwona kama kachukua nafasi ya baba.

NesiZamuUsiku
Nimepokea, kaka. Pole kwa mzee.

Wazee wa aina hiyo mimi huwa siwaulizi kama wanaumwa, maana watasema hawaumwi. Namuuliza aliyemleta: "Huyu leo yuko kama alivyo siku zote?" Mke wake akisita, nambadilishia rangi. Hiyo haimo kwenye fomu na sijui mtafiti gani atakuja kuipima.

Tabibu_Kipimo
Inapimika sista. Andika kila unapobadilisha rangi na kwa nini, miezi mitatu, tuone walioishia wapi.

NesiZamuUsiku
Niandike saa ngapi?

Mchele_wa_Kyela
Nimechelewa, sijasoma yote, samahanini. Hili neno triaji linatoka wapi? Mwalimu wetu alisema ni la Kijerumani.

Leeds_Baridi
Ni la Kifaransa, maana yake kuchambua. Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, ndiye anayetajwa sana, alitaka majeruhi watibiwe kwa ukubwa wa jeraha bila kutazama cheo.

Mchele_wa_Kyela
Kuchambua kama mchele? Hapana, kwa binadamu tafuteni neno jingine. Na mtu akifungwa kijani anatakiwa kusubiri muda gani?

NesiZamuUsiku
Kwa SATS: nyekundu papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4.

Binti_Mkwakwani
Sisi tulikaa saa 3.